Kwa Nini Nilitaka Barakoa Zivuliwe

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko wodini unakouguza, pamoja na shemeji na wapwa zangu nyumbani. Mgongo umepoa? Mimi sijambo, cherehani inanguruma na riziki inapatikana.

Najua umeninunia. Shemeji alikwambia kwamba karakanani kwetu tulipigia kura barakoa, nami nikataka zivuliwe. Ukaniandikia kwamba nimewasahau wagonjwa wako. Neno hilo liliniuma, dada, kwa hiyo nivumilie mpaka mwisho.

Serikali ilishalegeza masharti ya korona, msimamizi akatuachia tuamue wenyewe. Nilidhani watu watataja madaktari na takwimu. Wapi! Mpiga pasi alitaka zivuliwe kwa sababu ya joto la mvuke. Mkataji vitambaa alikataa katakata, kwani anaishi na mama yake mwenye pumu. Mshona vifungo alimzika mumewe kwa ugonjwa huo huo, nikajua atakataa. Akasema amechoka kuogopa, anataka kuona watu wakicheka. Bwana stoo alisubiri aone wengi wako wapi. Kila mtu aliamua kwa kuangalia ya nyumbani kwake.

Nilipoinua mkono, wote walinigeukia, maana mimi ndiye niliyesifiwa kwa tahadhari. Kipindi chote kile sikumsogelea mteja. Nilimpa chaki aandike mwenyewe anachotaka juu ya kitambaa. Msimamizi aliniita mfano wa kuigwa, nami nikavimba kichwa.

Ukweli ni kwamba sisikii vizuri, dada. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linasuasua. Huwa nasoma midomo ya watu, na ilipofunikwa nilibaki peke yangu katikati ya wenzangu. Ile chaki ilikuwa ya kuficha aibu. Hata simu zako sikupokea kwa sababu hiyo, wala si kiburi.

Wengi tulizivua, ila mkataji alibaki na yake; wiki hii nilijikaza nikamweleza. Kesho yake alikuja na barakoa aliyojishonea, yenye kidirisha cha plastiki angavu mdomoni. Mama yake yuko salama, nami namwona akinitania. Nilifurahi mpaka nikaharibu mshono.

Nimekushonea kadhaa kama hiyo, zimo kwenye kifurushi hiki. Wabusu wapwa zangu, mwambie shemeji mdomo wake nausamehe. Ukipata likizo njoo, vaa moja, ukae mbele yangu unigombeze mpaka uchoke. Nataka nione kila neno.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi