Bunduki ya Orrin Yenye Chemba Mpya

Lewistown, Montana
Jumapili jioni

Kwako dada yangu mpenzi Marlys,

Natumaini hujambo, na goti la mama limepata nafuu. Mimi ni mzima, tena nimenenepa kwa raha. Wiki sita za ndoa, na bado Orrin akiingia mlangoni moyo unanidunda kama msichana wa shule.

Habari kubwa ni bunduki yake ya mtindo wa kale, ile ya kupakia risasi mojamoja. Fundi ameichonga upya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ili ipokee ganda refu zaidi la risasi. Orrin alinifundisha kuyeyusha madini ya risasi na kumimina vichwa vya risasi kwenye kalibu. Nilimimina kumi na viwili, vikang'aa kama fedha, naye akanibusu mbele ya baba yake.

Jana tulikwenda kilimani kuijaribu. Orrin akasema bibi harusi apige wa kwanza. Baba mkwe akanitania kwamba ng'ombe wake wako upande wa kulia, niwahurumie, maana hawajanikosea. Nililenga katikati kabisa ya karatasi ya shabaha, dada. Risasi ikatoboa pembe ya chini, kushoto. Ya pili na ya tatu zikapiga katikati, bila mimi kubadili chochote.

Nikacheka. Wao hawakucheka. Baba mkwe akavua kofia, akauliza ni nani aliyenionyesha vile. Nikasema hakuna. Ndipo Orrin akaeleza, polepole, kwamba marehemu mkewe, Lavonne, daima alipeleka risasi ya kwanza kwenye pembe ile, kuuchafua mtutu kwa masizi ya baruti, ili zile za kuhesabiwa ziende sawa.

Sasa nikuungamie. Madini yale sikuyatoa kwenye ndoo ya karakana. Nilikuta kopo la tumbaku lenye vichwa alivyomimina Lavonne kwa mikono yake, Orrin kavitunza miaka minne. Wivu ukanishika. Nikaviyeyusha vyote, ili nyumba iwe yangu peke yangu.

Leo asubuhi nilimwambia Orrin, nikijua huenda nikarudi kwa mama na sanduku langu. Hakunigombeza. Aliuliza tu vimebaki vingapi. Nikamjibu tisa. Akanishika mikono yote miwili, akaniomba mtu mwingine asiviguse. Kila Jumapili nifyatue kimoja tu, yeye akitazama. Nimekubali. Hajawahi kunitazama kwa upendo namna ile, dada, nami sikujua alikuwa akimtazama nani.

Mbusu mama kwa niaba yangu. Mwambie nina furaha, maana ninayo.

Mdogo wako akupendaye,
Corinne