Fimbo Nyeusi Uliyotutumia

Lizaboni,
Songea.
Jumanne, 11 Februari 2025

Mpendwa kaka Calvin,

Shikamoo kaka. Habari za Mwanza, habari za wifi Dorine na wanangu? Kile kikohozi cha Joachim kimekwisha, au bado mnakimbizana na hospitali? Sisi huku tu wazima. Mvua zinanyesha vizuri, mahindi ya shamba la Namtumbo yameanza kubeba, na magoti ya Mama yametulia tangu aanze zile dawa ulizomtumia.

Najua unashangaa barua imetoka wapi wakati simu ninayo. Kaka, simu nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nikaishia kukuuliza kama huko kuna joto. Mara ya pili nilikata kabla sijaanza, nawe ukadhani ni mtandao. Bora niandike.

Fimbo ya maji ilifika Alhamisi salama kabisa. Tuliifungua sebuleni mimi na Zuhura, yule mwenzangu wa Tunduru ninayesafisha naye madirisha ya maofisi. Tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Kitu kirefu namna ile, na chepesi namna ile! Vipande sita vimeingiana, unavuta kimoja kimoja na kukaza kibanio, kama antena ya redio ya marehemu Baba, mpaka brashi inagusa ghorofa ya tatu. Maji yanapanda kwa mpira ndani kwa ndani, brashi inasugua huku inajisuuza, nawe umesimama zako chini. Mimi niliyepanda ngazi na ndoo miaka saba nilitaka kulia. Tukaijaribu kwa maji ya mvua tuliyokinga, maana yale ya kisima yakikauka huacha madoa meupe kwenye kioo. Kioo kiling'aa, wee acha tu.

Ndiyo maana uliponiuliza fimbo ya pili iwe ipi, kwa ajili ya ile nyumba ya wageni ya Ruhuwiko yenye ghorofa nne, nilikujibu bila hata kufikiri: nyeusi hiyohiyo, na ndefu kuliko zote. Sasa kaka, kama hujainunua, usiinunue. Kama umeshainunua, irudishe. Na tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Unajua parokiani kwetu chombo kipya hakianzi kazi bila kubarikiwa. Pikipiki, cherehani, hata mashine ya kukoboa ya jumuiya yetu ilinyunyiziwa maji ya baraka. Na wewe ulisema kwenye ujumbe wako kwamba siku ikianza kazi Mama ndiye aishike kwanza. Hakuna kosa hapo, ndivyo tulivyolelewa. Basi Jumapili nikaipamba. Utepe mwekundu na mweupe niliuzungusha kuanzia mkononi kwenda juu, nikachomeka na maua. Ilipendeza, hata bibi harusi angeona wivu.

Umeme ulikuwa umekatika tangu katikati ya misa. Kwaya iliimba bila kinanda, Mama akanuna, unamjua. Tulipotoka nje Paroko akabariki, kisha akasema kwa utani kwamba anataka kuona dirisha la mnara likioshwa, kwani vumbi lile alilikuta siku aliyohamia. Zuhura, Mwislamu wa watu aliyekuja kwa ajili yangu tu, akaunga mpira kwenye bomba la tangi. Mama akakabidhiwa fimbo.

Kila kipande kilipovutwa akina mama walipiga vigelegele, wakaimba, "Ipande! Ipande!" Ikapanda yote. Hapo juu ilianza kuyumba, maana ikishajaa maji inataka mikono yenye nguvu. Sasa, zile nyaya za umeme zinazotoka nguzo ya barabarani kwenda kanisani na ukumbini, zile tupu zisizo na plastiki, unazikumbuka? Tumepita chini yake tangu tukiwa watoto wa komunyo ya kwanza. Nani huzitazama?

Fimbo ikaegemea waya, kaka. Haikugusa na kuondoka. Iliegemea, ikatulia pale, maji yanachuruzika, Mama amelowa mpaka viwikoni, miguuni ndala. Watu wakacheka. Mimi nikacheka. Nikatoa simu nikampiga picha! Zuhura akaenda, akashika naye kwa mikono yake miwili iliyolowa, wakaisukuma ikatoka. Mama akasema kimti chenu hiki kina kiburi, na watu wakazidi kucheka.

Tukaikunja, tukaanza kugawa soda. Haikupita robo saa, spika za kanisani zikalipuka kwa mngurumo, maana walikuwa wameziacha zimewashwa pamoja na kinanda. Unajua umeme ukirudi watu wanavyoshangilia. Uwanja mzima ulipiga yowe la furaha, Paroko mwenyewe akapiga makofi.

Mtu mmoja hakushangilia. Daudi, fundi umeme, yule uliyesoma naye darasa moja, alikuwa ameshika soda yake anatazama nyaya. Akakaa chini, palepale kwenye matope, na suruali yake ya misa. Nilidhani ni kifafa. Nikamkimbilia. Akaniambia, "Leticia, ni waya uleule."

Sikumwelewa. Nikamwambia mbona fimbo yenyewe si ya chuma. Akasema hiyo nyeusi ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme kama chuma, sembuse ikiwa na maji ndani. "Umeme ungerudi robo saa mapema," akasema, "leo tungekuwa na misiba miwili." Yesu na Maria! Nikakaa naye hapohapo kwenye matope, watu wakatuona vichaa.

Lakini kaka, bado hujasikia. Nilipofika nyumbani nikaanza kuufungua ule utepe ili niikaushe fimbo. Chini ya utepe, hapo hapo mtu anaposhika, kumbe kuna karatasi ya njano imebandikwa. Ina alama ya radi, ina nyaya, ina mtu anaanguka chali. Hata asiyejua kusoma angeielewa. Niliifunika mimi, kwa mikono yangu, bila kuitazama mara mbili, ili fimbo ipendeze. Kwa hiyo usianze kujilaumu huko Mwanza kwamba wewe ndiye uliyeileta. Ukijilaumu nitakasirika kweli, maana zamu ya kulaumiwa ni yangu.

Jana Daudi alikuja tukakaa naye kama darasani. Amesema utafute ya faiba, yaani ya nyuzi za kioo zisizopitisha umeme, ile ya rangi ya njano. Ni nzito zaidi na ikifika juu inapinda, mikono itatuuma, na iume. Urefu uishie ghorofa ya nne, kwa sababu fimbo ndefu kuliko kazi yako inakutafutia balaa tu. Na hata hiyo faiba ikilowa siyo ya kuamini, tukae mbali na nyaya hatua nyingi. Upande wa mbele wa ile nyumba ya Ruhuwiko nyaya zinapita karibu na madirisha, nimeshamwambia mwenyewe hatuusafishi mpaka umeme uzimwe kwenye nguzo. Akichukia atafute wengine. Hiyo nyeusi nimeifungia stoo, ufunguo ninao mimi.

Zuhura nilimweleza Jumapili hiyohiyo. Alitazama viganja vyake, akasema Alhamdulillahi, kisha akaniambia kazi haachi na nisithubutu kumtafutia mwenzangu mwingine. Nikamkumbatia njiani watu wanatutazama.

Mama nilimweleza jana jioni akichambua maharage. Nilitaka nimfiche, nikashindwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na wewe wakati huo ulisimama wapi?" Nikamwambia nilikuwa pembeni, napiga picha. Akasema, "Basi afadhali niliishika mimi." Akaendelea na maharage yake. Mimi ndiye niliyetoka nje kulia.

Ile picha sijaifuta, wala sijaweza kuitazama. Ukiitaka nitakutumia, ila usiifungue ukiwa barabarani.

Nisalimie sana wifi Dorine, mwambie kitenge chake nimeshakipata. Nibusie Joachim. Daudi anakupa pole na anasema umpigie yeye kabla ya kununua chochote chenye urefu. Zuhura anakusalimu kwa heshima. Mungu awafunike wewe na nyumba yako, mlale mkiwa wengi na mwamke idadi ileile.

Na Mama anakusalimu. Nimeandika barua nyingi zenye maneno hayo, kaka, na sikuwahi hata mara moja kuyafikiria. Leo nimeyaandika, nikaweka kalamu chini, nikaenda jikoni kumtazama. Yupo. Anakusalimu.

Mdogo wako akupendaye,
Leticia