Siku Nilipopaka Ukuta wa Mashini

Kisangani, Alhamisi. Mvua imekatika, jua iko kali juu ya mabati.

Aziza mwanangu, ukurasa wangu wa leo nauandika kwako huko Basoko. Papa yako anakusalimu. Mudogo wako Mwamini anakusalimu, kikohozi kimemuacha. Kaka yako Saidi anakusalimu, usingizi wake ni ule ule. Shangazi Faila anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Hata mbuzi imezaa.

Mimi, leo moyo ulinikimbia, halafu ukarudi.

Ile mashini ndogo ya kukata na kutoboa chuma, bwana mwenye mashini alimuazima papa, iko juu ya meza kule nyuma. Kichwa chake kinapanda na kushuka kwenye nguzo ya mviringo. Papa akikipandisha ili abadili chuma ya kukatia, kinageuka kidogo, basi tundu la pili linakwenda upande. Kipande kimoja cha mutambo wa mashua kiliharibika hivyo. Bwana akasema kingine kikiharibika, mashini itakwenda kwa mutu mwingine.

Donc, basi, papa alitafuta akili yake. Alitoa chuma ndefu kwenye kitanda chetu kibovu, akaifunga kwenye kichwa cha mashini, ncha ikafika karibu na ukuta. Ukutani akachora mustari wa makaa. Kila akipandisha kichwa, anarudisha ncha kwenye mustari, anakaza.

Sasa mimi. Kesho watu wa posa ya Mwamini wanakuja, na wageni wa posa hawapokelewi na ukuta wenye moshi. Papa akaenda kutafuta mafuta ya mashini, tundu moja la kipande kipya amekwisha kutoboa, kichwa amekipandisha. Nikachukua udongo mweupe, nikapaka nyumba yote. Na ukuta ule pia. Nilikuwa ninaimba!

Akarudi, akasimama. "Mama Aziza, mustari wangu iko wapi?"

Nikamuonyesha ukuta mweupe, udongo bado mukononi.

Shangazi yako akacheka: "Kaka, leo ukuta ndiyo bibi harusi!" Mimi niliona tu mashini inabebwa.

Papa hakunigombeza. Alichukua chuma ya mviringo inayoenea sawasawa ndani ya tundu la kwanza, akaifunga kichwani, akashusha polepole, akisukuma kichwa huku na huku, mpaka ikaingia yenyewe. Bahati, kipande kilikuwa bado kimefungwa mezani, hakuna aliyekigusa. Akakaza. Akaniambia: "Leta makaa. Chora wewe, pale ncha inaonyesha."

Nikaleta makaa. Akanishika mukono, tukachora pamoja.

Tundu la pili limetoka sawa mbele ya majani ya pondu kuiva jikoni. Namushukuru Mungu kwa huyu mume. Wengine wangenirudisha kwetu kwa kelele tu.

Lakini bwana anasema atasadiki mutambo ukifanya kazi. Kipande kinafungwa kesho kwenye mashua ya kijani ya muuza samaki, nayo inashuka mpaka huko kwenu. Ikifika, simama ukingoni mwa mto, sikiliza kama mutambo wake unatetemeka, ndiyo kusema matundu hayako sawa. Halafu tuma neno upesi, kwa mutu yeyote anayepanda mto. Papa anasema hana wasiwasi. Ameniuliza mara nyingi kama nimekwisha kukuandikia.