Kamera Nyuma ya Bustani

Thornclough, 3 Machi 2014

Mwanangu Adrian,

Wajukuu wangu hawajambo? Mimi mzima, ila goti. Leo kwenye foleni ya posta nimewaambia wote kwamba katika halmashauri nzima, karatasi ya kumpeleleza mtu haifiki kwa hakimu mpaka mwanangu aitie sahihi. Jirani yangu Enid akadai kazi yako ni kuchungulia mabafu. Nikamfundisha: lazima kosa liwe la kuweza kumfunga mtu miezi sita au zaidi.

Sasa kuna mshenzi anatupa vigae vya asbesto, vile vyenye vumbi la sumu, nyuma ya bustani zetu, pale alipolima marehemu baba yako. Malalamiko nimeyaandika mwenyewe, kurasa tatu. Wekeni kamera.

Mdogo wako Keith bado anakuja kula Jumapili. Lile gari lake la mizigo halipumziki kwa kazi.

Mama yako


16 Aprili

Mama mpenzi,

Natumai goti limepoa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitashindwa. Kamera imemwonyesha Keith, mara nne. Nimetamka kazini kwamba ni ndugu yangu, na jalada amepewa mwenzangu. Tafadhali, usimwambie neno. Utashtakiwa na wewe kwa kuvujisha upelelezi.

Mwanao Adrian


22 Aprili

Adrian,

Salamu utazipata siku nyingine. Jumapili alikula mara mbili, akaosha vyombo, nami nikamtazama mgongo. Ichane hiyo karatasi. Wewe si mkubwa pale?

Mama


30 Aprili

Mama,

Pole. Mkaguzi wa upelelezi huja kutoka London na kufungua kila jalada. Na hata asingekuja, Mama, nisingeichana.

Adrian


6 Oktoba

Mwanangu,

Nakusalimu, na watoto pia. Sijaandika tangu mahakamani, mkono ulikataa.

Kumbe wakili wake alipewa jalada zima, na kurasa zangu tatu zikiwa za kwanza. Keith alinionyesha kurasa hizo pale ukumbini mwa mahakama, akaniuliza taratibu, “Mama, huu mwandiko wako?” Nikasema ndiyo. Akazikunja vizuri, akaingia kusomewa kifungo cha miezi minane.

Huko gerezani mfungwa ndiye anayeandika majina ya wageni wake. Nimepiga simu mara tatu. Langu halipo. Lako lipo; mke wa Keith ananiambia kwamba Keith anasema wewe ulikuwa unafanya kazi yako tu.

Basi nenda, mwanangu. Mpelekee soksi nzito, kama wanaruhusu. Akiuliza zimetoka wapi, sema umenunua wewe.

Mama yenu