Mlango wa Kutazama Bondeni

Mjukuu wangu Shabani, mume wangu,

Asalaam aleikum. Huku Ikwiriri tu wazima, ila mama yako kikohozi hakijamwacha. Je, na baridi hiyo ya Njombe, unajifunika vizuri?

Umeniuliza kwa nini nimeikataa ramani ya kuombea kibali cha kukarabati nyumba. Baba, fundi ameuondoa mlango wa nyuma kwenye mchoro.

Nilipokuwa kigoli tuliishi bondeni. Mto ulipofurika tukakimbilia huku juu, tukahifadhiwa kwenye kibanda cha watu. Kaka yangu Musa akataka kurudi kuchukua mbegu ya mpunga. Mama akamshika shati, naye akacheka: "Mama nawe! Niachieni mlango wazi, naja sasa hivi."

Hakuja. Hata maiti hatukuiona. Baba alipojenga nyumba hii, mama akamwambia, "Mlango mmoja utazame bondeni, Musa asihangaike kuzunguka." Hakuutia komeo mpaka anafariki. Nami sijautia.

Najua Musa haji, mjukuu wangu, akili ninazo. Ila nikiusukuma alfajiri namwona mama alivyokuwa akisimama pale. Mwambie fundi auchore tena, ndipo muipeleke ramani halmashauri. Nikishaondoka, komeo mtatia nyinyi.

Bibi yako,
Mwanahawa