Alama kwenye Karatasi ya Moyo

Lumemo, Ifakara
12 Machi 1996

Dada Digna,

Mpunga umechanua, ndege wanatusumbua.

Mwaka jana karatasi ya moyo, ile inayochorwa mapigo, haikuonyesha hata alama moja ya mashine ya kuusukuma moyo upige, niliyowekewa kifuani huko Ujerumani, hospitalini unakouguza wagonjwa. Nikautangazia ukoo mzima kuwa wewe umenipachika kopo bovu. Daktari wa hapa alisema, “Mzee, moyo ukipiga wenyewe, mashine hunyamaza.” Nikajua anakulinda tu.

Leo, kwenye karatasi mpya, kila pigo limetanguliwa na alama ya mashine. “Umeona, mzee mbishi? Mashine nzima!” daktari akacheka. Mimi sikucheka. Kama mashine inasema kila mara, basi moyo wangu ndio umenyamaza, na hilo hakulitamka.

Njoo kabla ya mavuno uisome karatasi hii mwenyewe. Safari hii nitakuamini.

Kaka yako,
Fridolin