Nafasi Nyeupe ya Dokta Felix

Cherono uko? Hii siwezi kaa nayo.

Unajua yule Dokta Felix wa utafiti wa katuni? Leo amekuja kwetu Yamumbi kupima kama mathe anaweza kusoma picha. Kusoma picha! Mathe!

Akamwekea picha mbili kwa meza. Ya kwanza ni nyumba. Ya pili ni jivu. Katikati ameacha nafasi nyeupe, ati hapo msomaji anajijazia mwenyewe. "Mama, hapa katikati kulifanyika nini?"

Mathe akaweka kidole kwa hiyo nafasi, na hakukitoa.

Na huyo bingwa wa picha hawezi kusoma uso wa mtu aliye mbele yake! Akainama, akaandika "Hakuelewa." Nimeiona na macho yangu. HAKUELEWA!

Mathe pia aliiona. Akamwambia polepole, "Kijana, hapa katikati ndipo nilikaa miezi saba, kwa tenti ya wakimbizi pale showground, baada ya vita vya ile kura ya 2007."

Unajua Dokta alifanya nini? Alifuta. Halafu akauliza, "Kwa hivyo niandike ameelewa?"